Karatasi Isiyosomwa, Usiitie Kidole

Soma: Marko 12:40

Ndugu mpendwa, tunapoulinda mwili wa mgonjwa, na tuilinde mali yake pia. Mama mzee amelala kitandani, mtoto wa jicho amemzuia kuona. Jamaa aja na karatasi: «Tia kidole, ni mambo ya dawa.» Akipona anakuta kiwanja chake cha Kadutu kimeuzwa.

Fahamu sheria ya nchi yetu. Katiba ya 2006, fungu la 49, huwapa wazee na wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, humruhusu hakimu kumwekea mlinzi mtu aliyepotewa na akili. Mlinzi huyo hutunza mali kwa faida ya mgonjwa, si kwa tumbo lake. Mjane naye ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Kwa hiyo andikisheni ndoa zenu.

Shika haya:

1. Usitie kidole ukiwa na homa kali.
2. Karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha yako, mbele ya mashahidi wawili wasiopata faida.
3. Namba ya siri ya simu ni yako peke yako.
4. Ukidanganywa, usione haya wala usikawie. Mwambie muuguzi au mzee wa kanisa akusindikize kwa hakimu.

Nawe jamaa, kumlisha mgonjwa si kununua nyumba yake.

Swali: Hati ya kiwanja chako iko mikononi mwa nani?