Kwa Nini Maharagwe Huchelewa Kuiva Ol Kalou

Mgeni kutoka Mombasa akipika maharagwe hapa Ol Kalou hulaumu maharagwe, au kuni. Kosa si lao. Maji ya Mombasa huchemka kwenye nyuzijoto 100. Yetu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300, huchemka karibu na 92.

Wanafunzi wa sayansi hujifunza jambo hili kwa grafu ya hali za maada. Mstari wa chini huonyesha joto, na ule wa wima huonyesha shinikizo. Katikati, mistari mitatu hutenganisha eneo la barafu, la maji na la mvuke. Ule ulio kati ya maji na mvuke hupanda kuelekea kulia, kumaanisha kwamba shinikizo likipungua, joto la kuchemka nalo hushuka. Shinikizo la hewa yetu ni takriban robo tatu ya lile la pwani. Weka rula kwenye kiwango hicho, isogeze kulia hadi iguse mstari, kisha teremka usome joto.

Ndiyo maana kuchochea kuni chini ya sufuria inayotokota hakuongezi joto la maji. Unapata mvuke mwingi tu na kuni kuisha. Punguza moto, funika. Kuloweka maharagwe usiku kucha husaidia zaidi.

Na maji ya kunywa? Nyuzi 92 zinaua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, ila usiepue mara tu yanapoanza kutokota. Shirika la CDC la Marekani hushauri dakika 3 za kutokota kwa walio juu ya mita 2,000, badala ya 1.

Sufuria ya presha hufanya kinyume cha mlima: huongeza shinikizo, na maji hubaki maji hata yakipita nyuzi 110. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukilazimisha kifuniko kifunguke, shinikizo huanguka ghafla, na kwenye grafu maji hayo tayari yako upande wa mvuke. Yatachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni. Zima moto, ngoja presha iishe yenyewe, halafu ufungue. Watoto wakae mbali na jiko wakati huo.