Kambi kando ya kijito: Maji twahara, je, ni salama kunywa?



Likizo ikifika, vijana wengi wa madrasa hupenda kupiga kambi msituni, mahali pasipo kiingilio, bomba wala choo. Ni jambo jema. Lakini ustadhi anayewaongoza na mzazi anayeruhusu wana amana ya kuwarudisha wakiwa wazima.

Maji ya kunywa
Wengi wakiona kijito kinatiririka, na maji hayajabadilika rangi, ladha wala harufu, husema: "Haya ni twahara, tunywe." Hapo wamechanganya mambo mawili. Fiqhi imekwambia yanafaa kwa udhu. Haikusema hayana vijidudu. Vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu havionekani kwa macho, na huenda huko juu ng'ombe wananywa au mtu anajisaidia.

Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi. Kuchuja peke yake hakuui vijidudu, hivyo yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Kisha yafunike. Kufunika vyombo usiku ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.).

Kuoga na udhu
Kichocho hakihitaji kunywewa; vimelea vyake hupenya ngozi. Panapotuama maji penye konokono, usiogelee wala usitumbukize miguu kwa ajili ya udhu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotekwa na kukaa siku 2 kwenye chombo kisicho na konokono.

Choo
Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia penye vyanzo vya maji. Chimbeni choo angalau mita 60 kutoka kijitoni, na kila anayejisaidia afukie kwa udongo. Istinja ifanyike kwa kopo hapo hapo chooni, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Kumbuka, Mto Zigi unaotoka misitu ya Amani, Muheza, ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalohudumia mji wa Tanga. Uchafu wa kambi moja huweza kufika kwenye ndoo ya jirani.

Mahali pa kulala
Hema liwe mwinuko, si ukingoni. Mvua ikinyesha mlimani, kijito hufurika ghafla hata kama kwenu ni kukavu. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata kukiwa na baridi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu usingizini.

Mkirudi
Anayehara apewe maji ya ORS tangu mwanzo. Akilegea, macho yakididimia au mkojo ukipungua, apelekwe zahanati haraka. Homa ndani ya wiki chache baadaye ipimwe malaria. Damu kwenye mkojo, hata baada ya miezi, ichunguzwe kichocho. Mweleze mganga kwamba mtoto alikuwa kambini. Bila hivyo huenda asifikirie.

Wabillahi tawfiq.