Shauri Jema Haliuzwi



Mficha maradhi, kifo humwumbua. Methali hii twaitumia juu ya magonjwa ya mwili, lakini ni wachache waikumbukao nyumba inapoanza kuugua. Baba na mama hawasemezani tangu mavuno. Kijana amezama katika pombe. Na bado kila Dominika wote huketi katika benchi moja, wamevaa vizuri, kana kwamba hapana neno. Wakielemewa, wengine humwendea mganga, wengine yule ajiitaye nabii, auzaye maji na mafuta. Hutoa fedha ya ada ya shule, nao hurudi na mzigo ule ule. Husema: “Mashauri mema ni ya wenye fedha.” Sivyo. Tutazame yapatikana wapi.

Kwanza, karibu na nyumba. Wasimamizi wenu wa ndoa hawakusimama altareni kwa ajili ya picha. Desturi yetu huwahesabu kuwa wazazi wa nyumba mpya; basi waiteni mapema. Iko pia Jumuiya Ndogo Ndogo, ambayo maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliikazia tangu mwaka 1973. Humo tutasali pamoja na kumtambua mzee mwenye busara au mama mwenye ulimi uliotulia. Lakini jumuiya si mahali pa kuanika mambo ya chumbani mbele ya watu wote.

Pili, parokiani. Kitubio na mashauri ni mambo mawili. Kitubio chaondoa dhambi, na siri yake, asema Kanisa katika kanuni ya 983, haivunjwi kwa neno wala kwa njia yo yote. Shauri lahitaji muda mrefu zaidi, na kurudi mara ya pili na ya tatu. Mwombeni padre saa ya mazungumzo, hata nje ya kitubio. Huko nako kanuni ya 220 yakataza kuliharibu jina jema la mtu.

Tatu, serikalini. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, kwa kawaida hapana aombaye talaka mahakamani kabla shauri lake halijapita katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano. Mkristo asiogope kuliendea: kazi yake ni kupatanisha. Ofisi ya ustawi wa jamii wilayani nayo husikiliza matatizo ya familia.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadre, mama mmoja alinijia na jeraha usoni. Nilimwambia: “Vumilia, mama, ubebe msalaba wako.” Seminarini nilijifunza filosofia na teolojia, lakini siku ile nilikuwa mjinga. Uvumilivu ni fadhila. Kupigwa si sakramenti. Kanisa lenyewe, katika kanuni ya 1153, humruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au ya mwili kuishi mbali na mwenzake, ingawa kifungo cha ndoa chabaki. Mwenye hatari hiyo aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na kwa mtoto anayeteswa, iko simu namba 116, isiyo na malipo.

Tena, si kila huzuni ni upungufu wa sala. Asiyelala majuma mengi, asikiaye sauti zisizokuwapo, au atamaniye kufa, apelekwe hospitali upesi, kama vile apelekwavyo mwenye malaria. Sala na dawa havigombani.

Mtamjuaje mshauri mwema? Husikiliza kuliko asemavyo. Hutunza siri. Hahukumu kwa kusikia upande mmoja. Hakutishi kwa laana, wala hakudai sadaka ili Mungu akusikie. Na akishindwa hukiri, akakuonyesha mwingine.

Basi, wazazi wapenzi, jioni ya leo baada ya sala ya familia, mwulizane kwa upole: “Je, kuna jambo tunalolificha?” Likiwapo, tajeni mtu mmoja mtakayemwendea juma hili. Nanyi wazee wa Kanisa, akija mtu usiku kubisha hodi, msimwulize amekuja na nini. Mfungulieni.