Mtoto Aitwe Nani? Somo Juu ya Jina la Ubatizo na Maneno ya Wakwe



Wengi wenu mnajitayarisha kwa Sakramenti ya Ubatizo huku mkiwa na watoto wachanga mgongoni, ambao nao mnataka kuwaleta mbele ya padri. Siku ile, kabla ya maji, kabla ya mafuta na mshumaa, Kanisa litauliza kwanza jina la mtoto. Ni swali fupi sana. Lakini katika nyumba nyingi za Butembo na Beni jibu lake limeleta matata marefu: mama mkwe hasemi na mke wa mwanawe, baba mkwe amekataa kuja kumwona mjukuu, na mtoto anakaa miezi bila kubatizwa kwa sababu wakubwa hawajapatana juu ya neno moja. Yafaa basi tulitazame jambo hili sasa, kabla siku yenyewe haijafika.

Sisi Wanande tulirithi kwa wazee desturi inayopunguza mabishano. Mtoto huja duniani na jina lake la kwanza tayari, kwa kadiri ya cheo chake katika uzazi. Mwana wa kiume wa kwanza huitwa Mumbere au Paluku. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika. Ndugu zetu Bakonzo, ng'ambo ya mlima Ruwenzori katika nchi ya Uganda, wana mpango ule ule, ila wao husema Bwambale, Masereka na Kule. Jina la namna hii halina mwenyewe wa kuligombania. Hakuna mama mkwe awezaye kumfanya Kakule awe Kambale, hata akinuna mwaka mzima!

Ugomvi huanza kwa jina linalofuata: jina la jamaa, yaani la babu au la mtu aliyekufa, na jina la ubatizo. Hapo watu wa mume husema, "Sisi ndio tuliotoa mbuzi, mtoto ni wa kwetu, nasi tutamwita." Watu wa mke hujibu, "Binti yetu ndiye aliyelala na uchungu." Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana hayaishi. Lakini mbuzi wa mahari walitolewa ili jamaa mbili ziwe kitu kimoja. Hawakutolewa ili kununua ulimi wa mke.

Tusikilize sasa Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya kwanza. Elizabeti alikuwa mzee, naye alikuwa amedharauliwa kwa kukosa mtoto. Alipomzaa mwana, majirani na jamaa walikuja kufurahi pamoja naye. Angalieni vizuri: hawakuja kwa ubaya, walikuja kwa furaha. Siku ya nane walitaka kumwita mtoto Zakaria, jina la baba yake, kama desturi. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohane. Nao wakampinga kwa neno ambalo tunalisikia hata leo katika vijiji vyetu, kwamba katika jamaa yake hakuna mtu mwenye jina hilo. Kisha wakamwacha mama, wakamgeukia baba kwa ishara, maana alikuwa bubu. Zakaria akaomba kibao, akaandika jina lile lile alilolisema mkewe. Watu wote wakastaajabu, na kinywa chake kikafunguliwa.

Waume, hapa napenda kusema nanyi. Zakaria hakuweza kunena, lakini alitafuta njia ya kusimama upande wa mkewe mbele ya jamaa yake mwenyewe. Wengine wetu tuna ulimi mzima, nasi twakaa kimya. Mama yetu akisema, twainama. Mke wetu akisema, twatoka kwenda kunywa kasiksi na rafiki zetu. Mke anabaki peke yake kujibu jamaa nzima, kisha anaitwa mwenye kiburi. Kwa maoni yangu ugomvi mwingi wa majina si ugomvi wa mama mkwe na mke wa mwana. Ni ugomvi wa kimya cha mume.

Maandiko yana mfano mwingine, wenye huzuni. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 35, Rakeli alikufa katika kuzaa karibu na Betlehemu, na kwa uchungu wake alimwita mtoto Benoni, yaani mwana wa maumivu yangu. Yakobo alimpenda Rakeli kuliko wote, lakini hakukubali mtoto abebe maumivu hayo maisha yake yote. Akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Basi baba aliunga mkono neno la mama katika habari ya kwanza, na katika habari ya pili aligeuza. Sheria ya nani amshinde nani haimo. Katika habari zote mbili waliofikiri walimfikiria mtoto.

Nalitaja hili kwa sababu katika Kivu yetu tunasikia majina kama Mateso, Shida na Vita. Tunajua yametoka wapi. Mama aliyezaa porini akikimbia ana haki ya kulia. Lakini kuna majina mabaya kuliko hayo, nayo ni yale yanayotolewa ili kumchoma mtu: bibi anamwita mjukuu jina la lawama, ili mke wa mwanawe alisikie asubuhi na jioni kila aitapo mtoto wake kula. Hiyo ni dhambi dhidi ya upendo, nayo inamfanya mtoto kuwa fimbo ya kumpigia mama yake. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, inakataza majina ya matusi na ya kudhalilisha.

Chukueni sasa mfano wa nyumba moja. Mnajua kwamba tangu Oktoba 2014 watu wengi sana wameuawa katika wilaya ya Beni, wengi wao wakiwa mashambani. Tuseme baba na mama Wakristo wamekimbilia Butembo, wanapata mwana wa tatu. Ni Kasereka, hapana shauri. Lakini kaka mkubwa wa mume aliuawa shambani. Na baba mzazi wa mke naye aliuawa, mwaka mwingine, kijiji kingine. Mama mkwe anataka mtoto aitwe kwa jina la mwanawe aliyekufa. Mke anataka jina la baba yake. Ni nani mbaya kati yao? Hakuna. Ni wanawake wawili wenye msiba, na mtoto ni mmoja. Mwezi unapita, wa pili, wa sita. Mama mkwe haingii tena jikoni mwa mke wa mwanawe. Padri anauliza, wanajibu kwamba bado wanazungumza.

Usiku mmoja mtoto anashikwa na homa kali, anatetemeka, macho yanageuka. Barabara haipitiki usiku. Bibi, yule yule asiyesema na mama wa mtoto, anachukua maji katika kikombe, anamwaga juu ya kichwa cha mtoto na kumbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kama alivyofundishwa zamani katika katekisimo. Naye anamtaja kwa jina gani? Kasereka. Jina lile moja ambalo hakuna aliyeligombania. Alfajiri homa inapungua, nao wanampeleka kwenye kituo cha afya.

Katika mfano huu mna mafundisho ambayo kila katekumeni ayashike. Katika hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kubatiza, hata mwanamke, hata asiyebatizwa, ikiwa anatumia maji ya kweli, anatamka maneno ya Kanisa, na anakusudia kufanya analofanya Kanisa. Mtoto huyo habatizwi mara ya pili. Akipona, hupelekwa kanisani ili padri atimize sherehe zilizobaki na kumwandika katika kitabu. Tena, jina si kitu kinachoufanya Ubatizo kuwa kweli: kinachohitajika ni maji, maneno na nia. Kwa hiyo kuchelewesha Ubatizo kwa ajili ya ubishi wa jina ni kuzuia kilicho kikubwa kwa sababu ya kilicho kidogo. Sheria ya Kanisa inawataka wazazi wahangaikie Ubatizo wa mtoto katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Mama ambaye mtoto wake alikufa kabla ya maji asikate tamaa. Kanisa linamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu.

Na wale wafu wawili je? Kuwakumbuka ni vema. Lakini mtu asitishwe kwamba marehemu atakasirika na kumwuguza mtoto asipopewa jina. Marehemu yu mikononi mwa Mungu, harudi kukaa katika mwili wa mjukuu. Jamaa ya mfano wetu ingeweza kutoa jina la mmoja sasa na la mwingine kwa mtoto ajaye, au kuyatia yote mawili, maana sheria ya nchi inaruhusu jina lenye sehemu nyingi. Mimi napenda njia ya kwanza. Mtoto mmoja hawezi kubeba makaburi ya jamaa mbili.

Wengine wanauliza: mbele ya padri, nani ana haki ya kujibu? Katika utaratibu wa Ubatizo wa watoto uliotolewa na Kanisa mwaka 1969, wanaoulizwa ni wazazi. Lakini utaratibu huo huo unasema kwamba ikiwa desturi ya mahali inampa mtu mwingine haki ya kutoa jina, yeye aweza kulijibu swali hilo. Kanisa basi halikumfukuza babu. Shauri langu ni hili: wazazi wapatane kwanza wawili, chumbani kwao, kisha mume, si mke, apeleke neno kwa baba na mama yake, kwa heshima, kabla mtoto hajazaliwa ikiwezekana, na shangazi mwenye busara awasaidie. Baada ya hapo babu na apewe heshima ya kulitamka jina kanisani. Wazee wengi hawataki kushinda. Wanataka wasipitwe.

Lipo pia jina la ubatizo, na hapa wakwe wengine hugombana kwa bure, mmoja akitaka jina la Ulaya, mwingine akilikataa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, aliongeza jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, inadai tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Katikati ya sheria hizo nchi yetu ilipitia mwaka 1972, Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, mwenyewe akiacha jina la Joseph-Désiré. Mapadri walitishwa kifungo, na Kardinali Malula, aliyepinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 majina hayo yalirudi, na leo wazazi wana uhuru. Askofu Sikuli Paluku, aliyewekwa juu ya jimbo la Butembo-Beni mwaka 1998, ana jina la Melchisédech pamoja na Paluku, wala moja halimfukuzi mwenzake.

Tena watakatifu wetu wametupa majina ya Afrika. Karoli Lwanga na Kizito wa Uganda walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, alitangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985. Na Floribert Bwana Chui wa Goma, katika mkoa wetu wenyewe, alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Anayetaka kumwita mwanawe Kizito, au binti Anuarite, asiambiwe na mkwe wake kwamba hilo si jina la kanisani.

Neno moja la kazi. Jina mkiisha kulipatana, liandikwe namna moja kila mahali. Katika shule ya msingi ninamofundisha dini huja watoto wenye majina matatu: bibi anamwita moja, kitabu cha Ubatizo kina jingine, karatasi ya serikali jingine, kwa sababu kila upande ulimwandikisha kwa siri. Taabu hutokea kwenye mtihani wa taifa wa darasa la sita, na tena siku ya ndoa, padri anapotafuta jina katika kitabu asilione. Kwa sheria ya taifa mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, bila kulipa kitu. Mwendeni pamoja, baba na mama, mkiwa mmeandika jina kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani.

Maswali ya kuzungumza katika shirika: Jamaa ya Elizabeti ilikosea wapi, ingawa ilikuja kwa furaha? Katika ukoo wako, nani hutoa jina la pili, naye huulizwa nani kwanza? Ungemwambia nini mama mkwe wa mfano wetu asubuhi ile, homa ya mtoto ilipokwisha kupungua? Na je, wewe unajua kubatiza katika hatari? Simama mbele ya wenzako, uoneshe kwa kikombe na maji.