Taa Nyingi Hufia Stoo: Somo la Kuchaji na Kutunza Betri

Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na familia nyingi zilihama nyumba zao. Katika siku kama hizo taa ya mkononi si anasa. Humwongoza mwenye mtumbwi usiku, humsaidia mkunga kuona anachofanya. Lakini taa iliyokaa stoo mwaka mzima bila kuangaliwa mara nyingi haiwaki siku inapohitajika. Kinachoiua si matumizi, bali utunzaji mbaya.

1. Tuijue betri yetu

Tusome maandishi yaliyo juu ya betri, kwa kuwa kila aina ina utaratibu wake.

Betri ya risasi na asidi ni nzito, ya volti 6 au 12. Ijazwe chaji kabla ya kuwekwa stoo, kisha ichajiwe tena kila baada ya miezi 3 hivi. Ikiachwa tupu, sahani zake huota ukoko mgumu na haishiki chaji tena.

Betri ndogo za duara zilizoandikwa Ni-MH zina volti 1.2. Nyingi hupoteza chaji zenyewe zikiwa zimekaa tu, hivyo zichajiwe karibu na siku ya kutumika. Tusichanganye mpya na kuukuu ndani ya taa moja.

Betri ya lithiamu, iliyomo katika taa nyingi za sola za siku hizi, ihifadhiwe ikiwa na chaji kiasi cha nusu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mvua kubwa, tuzijaze zote. Iliyovimba isichajiwe kabisa.

2. Joto, chumvi na mawingu

Joto huzeesha betri haraka. Stoo isiwe chini ya bati lisilo na dari. Kama paneli ina waya wake, ikae juani, taa ikae kivulini. Katika vijiji vya delta upepo wa bahari huleta chumvi, kwa hiyo paneli ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, na vyuma vya kugusana na betri vifutwe kwa kitambaa kikavu. Wakati wa masika siku moja ya mawingu huenda isitoshe kujaza chaji. Taa izimwe wakati inachajiwa.

3. Betri zilizokufa

Zisichomwe moto wala kutupwa kwenye mikoko, ambako samaki na kamba wachanga hukulia. Betri ya risasi isipasuliwe nyumbani, kwani risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Zikusanywe kwenye chombo kikavu na zirudishwe Kibiti mjini kwa chombo kinachofuata mahitaji.

4. Ombi letu

Kwa wafadhili: zawadi ya taa iambatane na fedha ya betri ya kubadilisha. Kwa kamati za parokia: mteueni mtunzaji mmoja na daftari moja. Kila mwezi aiwashe kila taa, aandike tarehe na hali yake.

Maswali ya kujadili

1. Taa zetu zina betri za aina gani?
2. Nani ana ufunguo wa stoo usiku?
3. Mafuriko yakija wiki hii, ni taa ngapi zitawaka?