Tairi used au mpya? Gawa bei kwa miezi kwanza

Hii ni kwa tunaouza mtandaoni na kupeleka mizigo wenyewe kwa gari.

Mimi nilikuwa mtu wa tairi used. Moja elfu 48, mpya laki na 20. Nikajiona mjanja.

Used ilidumu miezi 6. 48,000 gawa kwa 6 ni 8,000 kwa mwezi. Mpya ninayo mwezi wa 30 sasa, yaani 4,000 kwa mwezi. Kumbe ya bei rahisi ilikuwa inanila mara mbili! Na hapo sijahesabu pancha, wala siku ilipopasuka njiani na oda 9 ndani ya gari. Wateja 3 walidai hela yao, nikarudisha.

Mtaji ukibana ukalazimika kununua used, kagua haya:

1. Umri. Ubavuni, angalia tarakimu 4 za mwisho kwenye namba inayoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Ikizidi miaka 6 mimi siichukui, hata kama kashata zimejaa. Mpira huzeeka hata stoo.

2. Kashata. Zikilingana na vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji, zimebaki milimita 1.6. Hiyo imekwisha.

3. Ubavu. Ukiona uvimbe, nyufa au kiraka, iache.

Hata dukani soma tarehe. Mpya nayo inaweza kuwa imelala miaka.

Wewe yako imedumu miezi mingapi? Gawa, utupe jibu.