Mashahidi Wadogo wa Kilwa

Hapana shaka wengi wenu mmepata kuokota makombe ufukoni, au kuyaona mikononi mwa mtu atokaye pwani. Lakini yako makombe mengine ya bahari ambayo mtu aweza kuyakanyaga mengi kwa unyayo mmoja asijue, kwa kuwa ni madogo kama chembe za mchanga. Wenye makombe hayo ni viumbe waitwao foraminifera. Mwili wa kila mmoja ni seli moja tu. Hana kichwa, wala mguu, wala jicho. Hata hivyo wengi wao hujijengea nyumba ya chokaa yenye vyumba vyumba, nzuri ajabu ukiitazama kwa hadubini.

Baadhi yao huelea karibu na uso wa bahari. Wakifa, makombe yao huzama na kulala chini, na matope huyafunika. Matope mapya hulala juu ya yale ya zamani. Basi mtu achimbaye, kadiri aendavyo chini, ndivyo afikiavyo habari za kale zaidi.

Je, kombe lisilo na kinywa litatuambiaje habari za joto na baridi? Katika chokaa ya kombe mna oksijeni, iliyotoka katika maji ya bahari. Oksijeni hiyo si ya uzito mmoja: katika kila atomu 500, karibu 1 ni nzito kuliko nyingine. Maji yakiwa baridi, atomu nzito huingia katika kombe kwa wingi zaidi kidogo. Yakiwa na joto, hupungua. Tofauti ni ndogo mno, lakini iko mashine ya kuipima. Mwaka 1947 Harold Urey wa Marekani alieleza ya kuwa njia hii yaweza kupima joto la bahari za kale. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alitoa vipimo vya foraminifera, vilivyoonyesha ya kuwa joto lilipanda na kushuka mara nyingi katika zama za barafu.

Baadaye likazuka jambo la kutatanisha. Yapata miaka milioni 50 iliyopita dunia ilikuwa na joto sana, hata jamaa za mamba waliishi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, ambako leo ni nchi ya barafu. Ilidhaniwa ya kuwa bahari za nchi za joto nazo zilikuwa na joto jingi. Lakini makombe yaliyochimbwa chini ya bahari kuu yalisema sivyo: digrii 15 mpaka 23 tu, yaani baridi kuliko leo. Yawezekanaje ncha za dunia zipate joto, na katikati yake pawe baridi?

Jibu lilisaidiwa na udongo wa Tanzania. Karibu na Kilwa na Lindi uko udongo wa mfinyanzi ambao zamani hizo ulikuwa chini ya bahari, na sasa ni nchi kavu. Udongo huu haupenyezi maji. Kwa hiyo makombe yaliyomo yamebaki maangavu kama kioo, hali mengi ya bahari kuu ni meupe kama chaki. Weupe ule ndio uliofichua kosa. Makombe ya bahari kuu yalikuwa yamelala muda mrefu katika baridi ya chini, na chokaa yake ikageuka na kufanyika upya humo, ikatwaa atomu nzito. Hivyo hayakueleza joto la mahali yalipoishi tu, bali yaliuchanganya ushuhuda huo na baridi ya kaburi lake.

Ili kuyapata makombe, wataalamu huulowesha udongo, huuosha juu ya chekeche laini, kisha huteua kombe moja moja kwa brashi ndogo chini ya hadubini. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake, waliopima makombe yaliyohifadhiwa vema katika udongo wa namna hii, walitangaza ya kuwa bahari za nchi za joto zilikuwa na joto lisilopungua la leo. Fumbo likaanza kufumbuka.

Mwaka 2009 makombe ya Tanzania yalitoa ushuhuda mwingine: yapata miaka milioni 34 iliyopita, barafu kuu ilipoanza kufunika bara la Antaktika, hewa ya ukaa ilikuwa imepungua angani. Hewa hiyo hiyo leo inazidi, kwa sababu ya makaa na mafuta tunayochoma. Ndiyo maana habari hizi za kale zinatuhusu sisi tulio hai.

Basi shikeni neno hili. Hakimu mwema haulizi tu shahidi amesema nini. Huuliza kwanza kama ushuhuda wake umeharibiwa.

Maswali

1. Kwa nini makombe ya chini kabisa hutoa habari za kale zaidi?
2. Maji baridi hubadilije oksijeni iliyomo katika kombe?
3. Udongo wa Kilwa uliyahifadhije makombe?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kosa lililotokea katika makombe ya bahari kuu.